Safu ya Umri

Hati ya mashtaka ya mahakama ya mwanzo haianzi na kosa. Inaanza na mtu: jina, umri, kabila, dini, kazi, makazi. Kosa na kifungu chake vinafuata, kisha maelezo mafupi ya nani kafanya nini, wapi na saa ngapi. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Arusha mpaka nilipostaafu, na katika mambo hayo sita ya mwanzo, matano hayakunifundisha chochote. Kabila? Mji huu unalaza makabila yote, na wezi wake vilevile. Dini hivyo hivyo. Kwenye kazi waliandikwa "mkulima" karibu wote, hata chalii aliyezaliwa Ngarenaro ambaye jembe analijua kwa picha. Umri ndio uliokuwa unazungumza.

Wizi wa simu, kukwapua mkoba soko la Kilombero, kung'oa saiti mira za magari, kuvunja kibanda usiku: 17, 19, 18, 22, 20. Shambulio na kutishia kwa maneno, mengi ya baa na ya nyumbani: hapo unakuta 24, 29, 35. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu: 38, 44, 52. Pombe ya moshi: mama wa 41, mama wa 47, bibi wa 60 na ushee. Siku ambazo hakimu amechelewa, mimi na karani mwenzangu tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja anafunika makosa kwa rula, mwingine anasoma umri na kukisia kosa. Dau lilikuwa soda. Mwenzangu alininunulia nyingi.

Mpwa wangu, binti wa dada, alipokuja kukaa kwangu Sakina wakati wa fildi yake ya chuo, nilimsimulia mchezo huo ili acheke. Hakucheka. Akafungua kompyuta yake, akasema, "Mjomba, mchezo wenu unakaribia miaka mia mbili." Akanisomea habari za Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa hesabu na nyota, ambaye mwaka 1831 alichapisha andiko kuhusu mwelekeo wa binadamu kutenda jinai katika umri mbalimbali. Alichukua majedwali ya mahakama za Ufaransa, ambayo serikali ya huko ilikuwa imeanza kuyatoa kila mwaka, akawapanga washtakiwa kwa umri na kuwalinganisha na wingi wa watu wa umri huo. Akaona mwelekeo unapanda haraka ujanani, unafika kileleni karibu na miaka 25, kisha unashuka taratibu hadi uzeeni. Akasema katika sababu zote alizozichunguza, hakuna yenye nguvu kama umri. Mimi kilichonifurahisha zaidi ni kwamba majedwali yale yalitokana na rejista, na rejista ni kazi ya makarani.

Tangu hapo mchoro huo umechorwa katika nchi nyingi. Mara nyingi kilele kimesogea chini kuliko cha Quetelet, kwenye miaka ya mwisho ya utineja na ya mwanzo ya ishirini, lakini umbo ni lile lile: mwinuko mkali upande mmoja, mteremko mrefu upande wa pili. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Travis Hirschi na Michael Gottfredson, walidai kwamba umbo hilo liko kila mahali na kila zama, na kwamba umri wenyewe ndio unaopunguza uhalifu. Ndoa, kazi na mengineyo hayana mchango mkubwa. Mpwa wangu alikuwa upande wao. Mimi sikuwa, na tulibishana hadi chai ikapoa.

Hoja yangu ya kwanza niliitoa kwenye hati zile zile. Ukichukua hati ya kijana wa miaka 17, haina jina moja. Ina mshtakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, mara nyingine na wengine ambao "bado wanatafutwa". Umri ukipanda, majina yanapungua. Mtu wa miaka 35 anakuja kizimbani peke yake, na kosa lake ni lake. Chalii wa miaka 17 akiwa peke yake kwao ni mtoto wa watu kabisa: anawaamkia majirani, anambebea bibi ndoo. Akikutana na wenzake wawili kwenye kona, wote watatu wanakuwa mtu mwingine ambaye hata mama zao hawamjui.

Mpwa wangu akakubali, akanitajia jaribio la mwaka 2005 la Margo Gardner na Laurence Steinberg huko Marekani. Waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa inageuka njano, usimame au upite? Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na rafiki zao. Kutazamwa kuliwafanya vijana wadogo wajitose kwenye hatari zaidi kuliko wenzao waliocheza peke yao, na hilo lilikuwa dogo sana kwa watu wazima. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuuzuia mkono, ndiyo ya mwisho kukomaa. Inaendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini. Nikamwambia hayo mbona sisi tuliyaona bila kompyuta.

Kuna kesi moja ambayo sijaisahau. Kwa wasioishi huku niseme kwanza kwamba mwenye gari huchonga namba zake kwenye vioo vyote, saiti mira zikiwemo, kwa sababu kioo cha saiti mira kikichomolewa usiku, asubuhi kinaweza kuwa dukani kikimsubiri mwenyewe akinunue tena. Kukichomoa ni kazi ya bisibisi na pumzi mbili. Vijana walikuwa watatu: mmoja kona ya juu, mmoja kona ya chini, mmoja kwenye gari. Kielelezo kililetwa mezani kwangu kimefungwa kwenye gazeti. Namba zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa, lakini ukikielekeza kioo dirishani na kukiinamisha kidogo, herufi zilijitokeza kwa mbali, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa kamili.

Nikakisimamisha mezani hakimu na wazee wa baraza wakione. Mshtakiwa wa pili alikuwa na miaka 18. Mwenye gari anatoa ushahidi kwa hasira, hakimu anaandika kwa mkono, na yule kijana akajiona kwenye kielelezo. Akajitazama. Akalamba kidole, akalaza nyusi. Akageuza shingo aone na upande wa pili. Mzee wa baraza mmoja, mama mtu mzima wa Kaloleni, alimwangalia wakati wote huo, na tulipopumzika akaniambia, "Karani, huyu akioa ataacha."

Nikamuuliza, "Na nani atampa mke?"

Akafungwa miezi kadhaa Kisongo. Akarudi kwetu ana 19, kosa la aina ile ile na majina mawili yale yale pembeni yake. Akarudi tena ana 21. Kisha hakurudi.

Hapo ndipo upofu wa rejista ulipo. Ina tarehe ya kufunguliwa shauri, ina hukumu, ina rufaa. Haina mahali pa kuandika kwamba mtu ameacha. Asiyerudi anaweza kuwa ameacha kweli, amehama mji, yuko ndani kwa kesi ya mahakama nyingine, au amekufa, na karani hana namna ya kuwatofautisha. Kwa hiyo sisi tuliokaa mahakamani tunawajua sana wanaorudi na hatuwajui kabisa wasiorudi, ndiyo maana mtu wa mahakama au wa polisi ukimuuliza atakwambia wezi hawaachi. Anasema kweli kwa anaowaona.

Yule kijana nilimkuta miaka mingi baadaye mtaa wa Unga Limited, chini ya Noah yangu. Nilipeleka gari kwa ajili ya breki; ikatoka miguu, kikafuata kiuno, kisha mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni. "Shikamoo, karani." Sikumtambua mpaka aliponitajia kioo.

Fundi akiwa kazini huongea, hasa akiwa chini ya gari ambako hamwonani usoni. Aliongea. Hakuniambia habari za kuokoka, wala za mahubiri, wala za gereza kumfundisha. Gereza, alisema, lilimfundisha kufungua kufuli za aina nyingine. Aliniambia habari za funguo. Fundi mkuu aliyempokea gereji alikuwa mzee wa swala tano, na adhana ikilia anamwachia funguo za magari ya wateja, kimya kimya, anaenda zake msikitini. "Siku ya kwanza nilikaa nazo mkononi kama nimepewa moto. Ya pili nikapiga hesabu ya kukimbia na gari. Lakini mzee, ukishaachiwa funguo siku nyingi, inafika mahali unamkasirikia anayekushuku." Kisha akaja mtoto, na mama wa mtoto ambaye hakuwa na mzaha. Kisha uchovu: unaingia gereji saa moja asubuhi, unatoka jua limezama, huna mguu wa kwenda kona yoyote.

Wala hakuacha kwa siku moja. Alikiri mwenyewe kwamba miaka ile ya mwanzo gerejini alikuwa bado anavuta petroli ya wateja kwa mpira, lita moja hapa, nusu kule. Aliacha kama watu wanavyoacha sigara: anapunguza, anarudia msibani au kwenye sherehe, anapunguza tena, mpaka siku moja anakumbuka kwamba ni zamani hajavuta. Ukimuuliza aliacha lini, hana tarehe.

Nilipompelekea mpwa wangu habari hizo, akanipa kisa ambacho karani yeyote angekipenda. Huko Boston, Marekani, mume na mke, Sheldon na Eleanor Glueck, waliwachunguza wavulana 500 waliokuwa wamepelekwa shule za maadilisho, na wengine 500 wasio na kosa, wakawafuatilia mpaka utu uzima. Mafaili yao yakaishia kwenye maboksi, chini kabisa kwenye jengo la maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard. Katika miaka ya 1980 John Laub na Robert Sampson waliyakuta, wakayafufua, na baadaye wakaenda kuwatafuta wale wavulana wenyewe, sasa vikongwe wa miaka 70. Walioiba, waliopiga watu, walioingia na kutoka gerezani, karibu wote walikuja kuacha, ila kila mmoja kwa wakati wake. Waliowahi walikuwa na mke waliyemheshimu, kazi isiyokatika, au jeshi lililowatoa mtaani. Kilichonifanya nimwambie arudie kusoma ni hiki: utoto wao, hata wenye misukosuko mikubwa, haukutosha kumwambia mtu nani ataacha mapema na nani atachelewa.

Najua wapo wasioacha, au wanaochelewa mno. Marvin Wolfgang alifuatilia rekodi za wavulana karibu 10,000 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani, na akakuta asilimia 6 tu kati yao walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote. Mwaka 1993 Terrie Moffitt, akitumia watoto wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu walipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligawa makundi mawili: wachache wanaoanza ukorofi wakiwa wadogo sana na kuendelea nao, na wengi wanaoanza balehe inapoanza na kuacha wanapokua. Mimi nawajua wa makundi yote mawili kwa sura. Ila Moffitt mwenyewe anasema kwamba katika miaka ya utineja makundi hayo yanafanana kwa vitendo, na hapo ndipo ninapotaka tukae. Hakimu anawapata wakiwa na miaka 17 na 18. Yaani anawapata katika umri ambao hakuna ajuaye nani ni nani.

Halafu huo umri wenyewe ni ugomvi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, kesi yake iende Mahakama ya Watoto, na asihukumiwe kifungo cha gerezani. Akihitaji kushikiliwa, zipo mahabusu za watoto, Arusha ipo na Moshi ipo. Akihitaji kurekebishwa kuna Shule ya Maadilisho Irambo, ambayo iko Mbeya, mwisho mwingine wa nchi, mama wa Daraja Mbili hawezi kwenda kumwona mwanawe huko hata mara moja kwa mwaka. Kanuni ya Adhabu nayo inasema wa chini ya miaka 10 hana kosa la jinai kabisa, na wa chini ya 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua analofanya ni baya. Kwa hiyo namba moja kwenye safu ya umri inabadilisha kila kitu. Na watoto wengi wa mjini hawana cheti cha kuzaliwa.

Nimeona hati imeandikwa 18 na aliyesimama mbele yetu sauti bado inapasuka. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama nyuma ya ukumbi kabla hajaitwa, akasema, "Huyo ana kumi na sita." Hakimu akamwambia alete ushahidi. Akarudi baada ya chakula cha mchana, amepanda bodaboda kwenda na kurudi, akafungua fundo la khanga, akatoa kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matundu, na juu yake kuna alama za uzito wa mtoto zilizopigwa kwa kalamu ya wino, mwezi kwa mwezi, zinapanda vizuri, mahali zikashuka ("hapo aliumwa surua," alinieleza ingawa sikumuuliza) kisha zikapanda tena. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Alikuwa na miaka 16 na miezi. Hakimu aliisoma kadi yote, nadhani zaidi ya alivyohitaji, akaamuru shauri liende linakostahili.

Nikiwa nasubiri mafaili kwenye mahakama za juu, nimewaona pia wale wanaoshushwa kwenye karandinga. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kwenye hati za wakati wangu ulikuwa kifungu cha 287A, adhabu yake ni miaka 30, hakuna chini ya hapo. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga linatosha, na kilichoporwa kinaweza kuwa simu. Ukimfunga wa miaka 20, hesabu unaijua. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kwa mchoro ule ule wa Quetelet wake, miaka mingi ya mwisho ya kifungo hicho serikali inamlisha na kumlinda mtu ambaye pengine angekuwa ameshaacha muda mrefu. Yeye, aliyeanza akiwa upande wa umri, akanigeukia: "Na aliyekatwa panga, mjomba?" Jirani yangu wa zamani wa Kijenge alikatwa mkono akirudi kazini, vidole viwili havikunji hadi leo, na kwake miaka 30 ni michache. Sikuwa na jibu la kumpa jirani yule, na bado sina. Lakini naona serikali nayo inaujua mchoro, kwa sababu misamaha ya Rais ya sikukuu za taifa mara kwa mara huwataja wafungwa wa miaka 70 na zaidi.

Nirudi kidogo kwa wale wa 44 na 52, nisije nikaonekana nasema utu uzima ni usafi. Chalii wa miaka 19 hawezi kukuuzia kiwanja Kwa Mrombo. Hutampa hata dakika tano. Anayekuuzia kiwanja ambacho ameshawauzia wengine wawili ana mvi, ana miwani ya kusomea kwenye mfuko wa shati, ana karatasi zenye muhuri, na anaanza kwa kukuuliza habari za wazazi. Vivyo hivyo anayekuuzia kipande cha chupa ya bluu akikuapia ni tanzanite iliyotoka Mirerani wiki hii. Utapeli unahitaji kuaminika, na kuaminika kunakuja na umri. Wengi wa hawa hawakuwahi kuiba simu ujanani. Ni watu tofauti, hata mavazi ya kizimbani ni tofauti. Akina mama wa gongo nao wana kalenda yao: walijaa Januari, wakati wa sare na michango ya shule. Hao ukitaka waache, usingoje wazeeke.

Sasa niseme lile ambalo kwenye mchoro wa mpwa wangu halionekani. Mstari unaposhuka baada ya miaka 25, mtu anaweza kudhani wote wameacha. Huku kwetu baadhi hawakuacha, waliondolewa. Kwenye rejista inaandikwa mstari mmoja, shauri limefungwa kwa kuwa mshtakiwa amefariki, na mtu anafungua ukurasa mwingine. Mshtakiwa wa kwanza wa kesi ya kioo, yule wa kona ya juu, alifia barabarani asubuhi moja baada ya mtu kupiga kelele ya "mwizi!" Alikuwa na miaka 22. Fundi wangu alikuwa naye siku hiyo, alikimbilia upande mwingine. Aliponisimulia alitoka chini ya gari kwanza, akakaa juu ya tairi, akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Waliokuwa wakirusha mawe, alisema, walikuwa wa rika lake, na wawili aliwafahamu, walikuwa wakiiba pamoja. Wengine wa kizazi chao waliondoka kwa UKIMWI, wengine kwa pombe. Ukiwaondoa hao wote, ndipo unaweza kuhesabu walioacha.

Na ipo nchi ambayo mteremko umeniacha nimeshangaa. Japani, katika miaka ya karibuni, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wanaokamatwa kwa jinai ana miaka 65 au zaidi. Wengi wameiba vitu dukani, chakula hasa. Sehemu ya sababu ni kwamba wazee ni wengi huko na vijana ni wachache, lakini upweke na umaskini wa wazee vinatajwa pia. Mpwa wangu aliponisomea nikamwambia hiyo ndiyo hoja yangu ya chai ile: miguu inachoka, ndiyo, lakini anayemzuia mtu ni yule anayemngoja nyumbani. Akasema bado umri una nguvu zaidi. Amemaliza chuo, ameajiriwa, na bado tunabishana kwa simu.

Fundi sasa ana gereji yake ndogo na yuko kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa, na ni mkali kuliko wote. Juzi walimkamata chalii wa miaka 16 ana kioo cha gari kwenye begi la shule, na Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka fimbo. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama amesahau kielelezo kilichosimama mezani kwangu. Akasema, kwa uso mkavu kabisa, "Mzee, sisi tulikuwa tunaiba kwa adabu. Hawa wa sasa hawana hata heshima." Nilicheka peke yangu.

Chalii alipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, baba yake akakubali kulipa kioo kwa awamu mbili, wakaandikishana. Wiki iliyofuata nikamwona Mianzini na wenzake wawili. Nikapita gereji kumwambia Fundi. Akasema amemfikiria, atamchukua ajifunze, ila mwezi ujao, akishapata nafasi. Nikamwambia mwezi ujao ni mbali, kesho asubuhi amtume kwao mtu wa kumwita, na akija asimkabidhi fagio, amkabidhi spana.